Kurasa Mia Mbili za Mwandiko Mzuri

Ndugu zangu wa shirika, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliofunga maduka mapema mkaja kuketi nasi alasiri hii, amani ya Bwana iwe nanyi. Nimezoea kusimama mbele ya watu nikifundisha. Leo nimesimama kuungama. Mniruhusu nishike mgongo wa kiti hiki, maana magoti yangu si yale mliyoyajua, na mnivumilie nikikawia njiani. Mambo ninayosimulia yananirudisha kwa watu ninaowakumbuka sana. Majina yao sitayataja. Walio hai wanajijua, na aliyetangulia Mungu anamjua.

Mimi nilijifunza kuandika katika shule ya misheni, upande wa Lubero. Wazee wenzangu mnakumbuka asubuhi za kule. Ukungu uliingia darasani bila kubisha, na sisi watoto tuliweka vidole kwapani vipate joto kabla ya kushika kalamu. Mwalimu wetu alitembea kati ya madawati akisoma imla polepole, na alama zote alizitaja kwa Kifaransa: *virgule* kwa mkato, *point* kwa nukta, *à la ligne* kwa kuanza mstari mpya. Hata sasa nikifumba macho naisikia sauti yake na mlio wa viatu vyake. Herufi iliyokaa vibaya ilikupeleka kuchota maji bondeni. Mimi nilichota mara chache. Nilitoka pale na mwandiko ambao, Mungu anisamehe, niliuona mzuri kuliko wa paroko. Watu waliniletea mialiko ya harusi niwaandikie. Nawaambia haya ili mjue adui alinishika kwa mkono gani.

Baadaye nilifundisha Historia ya Kanisa katika chuo kimoja hapa Butembo, miaka mingi, mpaka nikawafundisha watoto wa wanafunzi wangu. Silabusi yangu, yaani kitabu cha somo, niliiandika yote kwa mkono. Kurasa mia mbili, na ramani za rangi tatu. Na kwa sababu watu walikuwa wakizinakili na kuzibadilisha, kila ukurasa niliugonga muhuri wenye jina langu. Nilikuwa nikiupuliza wino ukauke kama mama anavyopuliza uji wa mtoto.

Kisha barabara ya Beni ikawa ile mnayoijua, ya mashambulizi. Wanafunzi wa Eringeti, wa Oicha, wa Mavivi wakashindwa kufika. Wakuu wa chuo wakaamua kwamba masomo yapite kwenye mtandao, kila mwanafunzi asome kwa telefone yake kule aliko. Walimu wa umri wangu walinung'unika. Mimi sikunung'unika hata kidogo. Niliweka meza karibu na dirisha, nikapiga kurasa zangu picha moja baada ya nyingine, nikazituma. Siku tatu kazi ikaisha.

Marehemu mke wangu alinitazama akicheka. Yeye alikuwa daktilo, mpiga mashine ya kuandika, katika ofisi ya serikali tangu usichana wake hadi alipostaafu. Vidole vyake vilikuwa na mbio ambazo sijaziona kwa mwingine.

"Wee muzee," aliniambia, "unapiga karatasi picha kama maharusi. Si ungenipa nikupigie kwa mashine?"

"Mama, mashine haina roho," nikamjibu. "Wanafunzi wauone mkono wa mwalimu wao."

Alirudi kuchambua maharage yake. Sikumwelewa.

Wiki chache baadaye, mwanafunzi mmoja wa upande wa Beni aliniandikia ujumbe. Jina lilionyesha ni binti. Aliomba, kwa heshima sana, nimtumie somo kwa maandishi yaliyopigwa, siyo kwa picha. Hakueleza sababu. Ujumbe wenyewe ulijaa makosa, herufi zimerukwa, maneno yamebanana. Mimi nikasema moyoni, huyu ni mvivu, anataka maandishi ili ayakate na kuyabandika kwenye kazi zake bila kusoma. Mnajua nilifanya nini? Niliunakili ujumbe wake kwenye karatasi, nikachukua kalamu nyekundu, nikasahihisha makosa yote, kumi na moja, nikaandika chini "Soma zaidi." Karatasi ile nikaipiga picha, nikamrudishia. Nilijiona mwalimu mwema, kwa kuwa nilijipa taabu.

Mtihani ulipofika, nao niliutuma kwa picha. Binti yule alirudisha jina lake tu, chini yake hapana kitu. Nikaandika sifuri, nikaendelea na mwingine. Chai yangu haikupoa.

Sasa sikilizeni.

Binti wa dada yangu aliweka nadhiri zake za utawa Beni, nami nikaenda huko pamoja na msafara wa magari yenye ulinzi. Jumapili nilisali katika kanisa dogo la Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Wakati wa somo la kwanza, mama mmoja alimwongoza binti yake kwa kiwiko mpaka mbele. Binti yule alikuwa haoni. Aliweka kitabu kinene mezani, akakifungua, akasoma kwa ncha za vidole yale maandishi ya nukta. Katikati ya somo ndege ikapita juu ya bati, kanisa zima likatetemeka. Hakupaza sauti kushindana nayo. Alinyamaza, kidole kikabaki mahali pake, na ndege ilipokwisha kupita akaendelea kwenye neno lile lile. Nimewaona mapadri wakipoteza mstari kwa sababu ya nzi.

Baada ya misa nilimfuata uani kumpongeza.

"Umesoma vizuri sana, binti yangu."

"Aksanti, papa. Ile ndege ilitaka kuniibia mustari."

"Unasoma chuo?"

"Nilikuwa nasoma. Chuo kimoja cha Butembo, kwa telefone. Sasa sijue kama nitaendelea. Nilianguka somo moja, Historia ya Kanisa."

Mama yake akadakia, mkono kiunoni. "Zero, papa! Mutoto mwenye anasomaka misa kila juma, zero ya mambo ya Kanisa. Batu ba hapa banatucheka."

Ndugu zangu, nilihisi baridi ya Lubero mwilini, na Mavivi mnajua ni joto. Nikamwuliza binti ilikuwaje.

"Telefone yangu inanisomeaka maandishi kwa sauti," akasema. "Ukiniandikia kitu, inasema yote. Lakini ule mwalimu alikuwa anatuma picha. Nagusa, telefone inasema: picha. Nagusa ingine: picha. Kurasa mia mbili, papa. Picha, picha, picha."

"Naam. Endelea."

"Benzangu banasema anaandikaka muzuri sana. Mi sijue. Pengine ni kweli." Akacheka kidogo. "Nilimuandikia, nikamuomba atume maandishi. Akanijibu kwa picha."

"Tukaipeleka kwa jirani atusomee," mama akasema. "Rangi nyekundu tupu! Makosa kumi na moja, anahesabu kama mutu wa duane pale mupakani. Jibu lenyewe hapana."

"Kwa nini hukumwambia huoni?"

"Kwa chuo cha kwanza nilisemaka," binti akajibu. "Bakanirudisha siku ile ile. Bakaniambia, wewe bakia nyumbani, utuombee. Kwa hiki cha pili nikasema, acha ninyamaze, banijue kwanza kwa kazi."

Mama yake akaeleza kwamba kulikuwa bado na kipindi cha pili cha mitihani, baada ya wiki sita. Baba wa binti alikuwa ameshasema. Akianguka tena, habari ya chuo imekwisha, telefone itapewa mdogo wake, naye abaki kupepeta mchele.

Kisha binti akageuza uso upande wa sauti yangu. "Na wewe papa, unafanyaka kazi gani kule Butembo?"

Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Sifuri niliitoa kwa kutojua, na asiyejua Mungu humhurumia. Lakini pale uani nilikuwa najua. Nilimtazama, nikatazama viatu vyangu, nikajibu: "Nalima viazi kidogo."

Haikuwa uongo. Nina shamba la viazi. Nikaaga, nikaondoka upesi. Mzee mzima, mwenye rozari mfukoni, nilijificha mbele ya mtu asiyeniona.

Nilirudi na msafara ule ule. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa uani akipanga kuni. Nilimweleza yote, hata habari ya viazi. Aliketi juu ya kuni.

"Ulimukimbia kipofu?"

"Nilimkimbia."

"Na angalikuwa anaona?"

Mke wangu akasimama. Aliingia ndani, akatoka na khanga ya kufutia vumbi, akafuta kompyuta ndogo ambayo mwana wetu alituachia na ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa kiti cha paka. "Lete ile silabusi yako," akasema. "Lakini kwanza upige telefone. Mi siandike hata herufi moja kabla hujasema wewe ni nani."

Namba ilikuwa kwenye orodha ya darasa. Asubuhi yake, baada ya misa, nilipiga. Nilikosea namba mara mbili.

"Halo, binti yangu. Tulionana Mavivi..."

"Ni ule papa wa viazi?"

"Ni mimi. Lakini lazima nikuambie..."

"Mwalimu, nilijua."

Nilikaa chini. "Ulijuaje?"

"Mutu wa kulima viazi hapana kusema 'Naam, endelea.' Nikasema, huyu ni mwalimu, na amesikia kitu yenye inamuchoma. Nikasema nitangoja wiki moja, nione kama atapiga."

"Na kama nisingepiga?"

"Basi ningejua unalima kweli."

Nilicheka na machozi yakitoka. Nilimwomba msamaha kwa sifuri, kwa kalamu nyekundu, na kwa kukimbia. Nikasikia jogoo wao akiwika. Halafu akasema: "Nimekusamehe, mwalimu. Lakini tuanze na lesoni ya kwanza. Wiki zinapita."

Ndugu zangu, wiki zile sita zinanirudia kila siku. Tuliketi barazani, mke wangu na kompyuta juu ya kigoda, mimi na silabusi mapajani, blanketi moja juu ya miguu yetu minne kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Nilimsomea imla kama nilivyosomewa mimi utotoni. *Virgule. Point. À la ligne.* Vidole vyake vilikimbia mbele ya ulimi wangu. Nikikawia kidogo alisema, kana kwamba mimi ni mkuu wake wa ofisi, "Twende, chef, ofisi inafunga saa tisa." Miaka yote ya ndoa nilitoka asubuhi kwenda kufundisha, yeye kwenda ofisini, na jioni tulikutana tumechoka. Sikuwahi kumwona kazini. Nilimwona uzeeni, na nilimpenda upya.

Kila lesoni ikikamilika tulimtumia binti na wenzake, naye binti alitufundisha. Hapo nilipata shule ya pili. Alitueleza kwamba vichwa vya habari viwekwe kama vichwa kweli, kwa ile namna kompyuta inavyoijua, siyo kukuzwa herufi tu, ili telefone yake iweze kuruka kutoka kimoja hadi kingine bila kusikiliza yote tangu mwanzo. Alinikataza kusema "kama mnavyoona hapa." Aliomba kila picha iwe na maneno yanayosema ina nini ndani.

Kwenye ramani tuligombana. Nilikuwa na ramani ya safari za wamisionari wa kwanza, ya rangi tatu, niliyoichora wiki nzima ujana wangu. Nilisoma maelezo yake ukurasa na nusu: mto unapinda hivi, mlima una kivuli vile. Binti akarudisha jibu kwa sauti: "Mwalimu, nimezunguka na mito yako mpaka kizunguzungu. Niambie tu, nani alitoka wapi, akafika wapi, na kwa nini alipita pale."

Nilitazama ramani yangu. Nawaambia kweli, sababu ya kupita pale haikuwemo. Miaka yote nilifundisha ramani isiyojibu swali hilo, na wote waliokuwa wanaiona waliisifu rangi. Ilibidi niende kwa padri mmoja mzee kuuliza, ndipo nikaandika mistari mitano. Mistari ile mitano ndiyo iliyobaki katika somo.

Mtihani nao ulikuwa na vita yake. Msimamizi wa idara, mtu mwema lakini mwoga wa karatasi, alisema: "Kama telefone inamusomea maswali, tutajuaje kama haimupe na majibu?" Nikamjibu kwamba miwani yake nayo inamsomea barua, na sijasikia ikizijibu. Alicheka, akakubali maswali yatumwe kwa maandishi, na muda uongezwe, maana kusikiliza swali mara tatu si sawa na kulitupia jicho. Baada ya kuandika, nilimuuliza pia kwa mdomo, kwa telefone, msimamizi akisikiliza.

Binti alifaulu. Nilipompigia kumwambia, hakushangilia.

"Mwalimu, umeniongezea?"

"Hapana."

"Sema kweli. Kama iko na huruma ndani, toa. Mi sitaki baseme alipita kwa sababu ya macho."

Nikamsomea swali kwa swali, mahali alipopata na mahali alipokosa. Mawili aliyakosa kabisa, na nilimwambia hivyo bila kupaka mafuta. Aliposikia yale mawili ndipo akaamini, na ndipo nikasikia mama yake akipiga vigelegele nyuma yake, na mtu mwingine, nadhani baba, akiuliza: "Amepita? Amepita kweli?"

Vigelegele vilipotulia, binti akaniambia: "Lakini mwalimu, kuna kitu sikukuambia. Kwa lesoni ya tisa, mapadri ba kwanza banafika kwa miguu, banapanda mulima, halafu telefone yangu inasema: 'ngoja mama, mbuzi anakula shati langu.'"

Mke wangu, daktilo hodari, alikuwa amepiga kila neno lililotoka mdomoni mwangu. Nilipomwambia aliweka mkono mdomoni, akacheka mpaka akakaa chini. Nilisema nitaifuta mara moja. Binti akakataa. "Acha, mwalimu. Benzangu bote bameipenda. Pale ndiyo tunajua ni batu banafundisha."

Mvua zilizofuata mke wangu aliugua, na hakuona Krismasi. Sikuifuta sentensi ile. Kila mwaka mwanafunzi fulani huniandikia kuuliza habari ya mbuzi, nami humjibu.

Niwape jambo moja zaidi, nisije nikawaacha mkidhani nimefika. Mwenzangu mmoja, aliposikia habari hii, alirekodi somo lake lote kwa sauti, akafurahi. Siku ya tatu mwanafunzi wa Vulamba, ambaye ni kiziwi, akamwandikia: "Mwalimu, sasa mimi ndiye umenifungia mlango." Mwenzangu akaja kwangu ameshika kichwa. Tukaketi pamoja, tukaweka maandishi kando ya kila sauti. Na mwanafunzi wa Eringeti, mwenye macho yake na masikio yake, lakini mtandao wao ni wa kusuasua, alituandikia kwamba kwa mara ya kwanza somo limefunguka kwake, kwa kuwa maandishi ni mepesi na zile picha zilikuwa nzito. Yeye alikuwa amenyamaza mwaka mzima.

Sasa nishukuru, halafu niketi. Namshukuru Mungu ambaye hakuniacha nizeeke na viazi vyangu. Namshukuru binti yule wa Mavivi, aliyenipa wiki moja wakati mimi sikumpa hata dakika, na ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho. Namshukuru mama yake kwa ukali wake. Namshukuru msimamizi aliyekubali kucheka. Na namshukuru mwanamke wa barazani. Mumwombee, nami nitawaombea wenu. *Mwasingya kutsibu*, asanteni sana.

Somo ninalowaachia ni dogo. Ninyi walimu, wiki ijayo mnafungua mwaka. Msingoje mwanafunzi aseme ana ulemavu gani, kwa sababu wengine walisema wakafukuzwa. Siku ya kwanza kabisa, muulizeni kila mmoja, mwenye macho na asiye nayo: "Somo limekufikia?" Akisema halijafika, msimsahihishe. Msikilizeni mpaka amalize. Na ninyi vijana ambao halijawafikia, semeni, na mkinyamaziwa, semeni tena. Leo tuko wengi hapa. Msimamizi wa idara ameketi pale nyuma, na mimi ninakaa njia ya sokoni, nyumba yenye mbuzi. Mlango hauna kufuli mchana.